Kyoto: tafuta stesheni kwanza, chumba baadaye

Wengi wanaotafuta malazi Kyoto, Japani, hupima umbali wa chumba hadi hekalu la Kiyomizu-dera au mitaa ya Gion. Hapo ndipo wanapoteleza. Mji mzima una njia mbili tu za treni ya chini ya ardhi: Karasuma, ya kaskazini hadi kusini, na Tozai, ya mashariki hadi magharibi. Mahekalu mengi ya mashariki hufikiwa kwa basi, na msimu wa watalii basi hushonana watu hata mwenye sanduku hapati pa kukanyaga. Chumba kiwe mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Kituo cha basi mlangoni kisikudanganye.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, sisi tunaegemea mtaa wa Shijo Karasuma. Stesheni Kuu ya Kyoto ni vituo viwili tu, treni za Hankyu za kwenda Osaka zipo hapohapo, soko la Nishiki liko jirani, na Gion unafika kwa miguu ukivuka mto Kamo. Anayekusudia kwenda mji wa Nara, hekalu la Fushimi Inari na mitaa ya Arashiyama alale karibu na Stesheni Kuu, maana treni za JR (shirika la reli la Japani) za kote huko huanzia pale. Jioni pamepoa mno, lakini asubuhi utashukuru.

Machiya, nyumba za kale za mbao, zinapendeza pichani. Mbele ni nyembamba, nyuma zinakwenda mbali. Wajapani huziita malazi ya mkunga, yaani yule samaki. Ngazi zake husimama wima kama za dari, kuta hupitisha sauti, na Januari baridi hupenya sakafuni. Kabla ya kulipa, uliza choo kiko ghorofa gani. Mwenye magoti mabovu asiposhuka usiku vizuri, ataumia.

Kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, bei mara nyingi ni ya mtu mmoja, si ya chumba, na huwa imejumlisha chakula cha jioni na cha asubuhi. Usiilinganishe na bei ya hoteli bila kuigawanya hiyo ya hoteli kwa idadi ya watu. Chakula cha jioni kina saa yake, aghalabu saa kumi na mbili au saa moja. Ukichelewa, umelipia usichokila. Mwenye chale (tatuu) mwilini aulize kwanza kama anaruhusiwa kwenye bafu la pamoja.

Hoteli za kawaida nazo zina mtego: kitanda kinachoitwa “semi-double” kina upana wa sentimita 120 hivi. Watu wawili wazima watagombania shuka.

Kuna pia kodi ya malazi, ya kila mtu kwa kila usiku. Tangu Machi 2026, bei ya yen 6,000 hadi 19,999 kwa mtu hutozwa yen 400. 20,000 hadi 49,999 hutozwa 1,000. Hoteli nyingi huidai mapokezini, kwa hiyo weka akiba.

Mwishoni mwa Machi hadi mapema Aprili, na nusu ya pili ya Novemba, vyumba huisha mapema na bei hupaa. Kukijaa, jaribu mji jirani wa Otsu kabla ya Osaka: ni dakika kumi hivi kwa treni ya JR, wakati Osaka ni nusu saa.

Sanduku kubwa litangulize kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka hoteli moja hadi nyingine. Kutoka Tokyo kwa kawaida hufika kesho yake, basi beba begi dogo lenye nguo za usiku mmoja.