Tangazo la "Leteni Habari Zenu" Halileti Habari

Wiki hii msomaji ametuandikia. Amepewa kazi ya kukusanya habari za wenzake aliosoma nao chuo kikuu. Kundi lao la WhatsApp lina watu 140, ameweka tangazo mara tatu, na amepata majibu manne. Yote manne ni ya watu waliopandishwa cheo. Anauliza afanyeje ili wengine nao wafunguke.

Aache kutangaza. Tangazo la watu wote halina mwenyewe. Kila anayelisoma hudhani linamhusu mwenzake. Tena anayejibu wa kwanza ndiye anayeweka kipimo. Akiandika kwamba sasa ni mkurugenzi, yule aliyefunga biashara yake mwezi uliopita anaweka simu chini. Mwenye cheo hana kosa, furaha yake ni halali. Kosa liko kwenye njia ya kuuliza, na inatuuma kuona makatibu wakiwalaumu wenzao kwamba "hawana ushirikiano".

Muulize mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, nje ya kundi. Ujumbe uwe na mambo matatu tu: wewe ni nani (usidhani amehifadhi namba yako), habari hizo zitasomwa na nani, kisha swali moja dogo. Ukiuliza "habari za maisha?" utajibiwa "salama", na mazungumzo yameishia hapo. Uliza "siku hizi uko wapi, na siku yako huanzaje?" utapata aya nzima. Lililo bora kuliko yote ni hili: "Katika sisi, nani umeonana naye karibuni?" Kila jibu lake hukupa mtu wa pili, na mara nyingi namba yake mpya. Waandikie watu kumi kwa wiki. Ukiwaandikia wote siku moja, majibu yatakulemea, utawajibu kwa mkato, nao wataona wameulizwa na mashine. Kwa watu 140 hizo ni wiki 14, anza mapema. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya siku kumi, basi.

Kabla ya ujumbe wa kwanza fungua jedwali: jina la chuoni, jina la sasa, kozi, namba, barua pepe, tarehe ya kuulizwa, tarehe ya kujibu, na safu ambayo wengi huisahau, yaani ameruhusu nini kichapishwe. Jina la chuoni usilifute hata kama mtu amelibadili, kwa sababu wenzake watamtafuta kwa jina lile walilomwita darasani. Kila jibu lihamishie kwenye jedwali siku hiyohiyo. Kundi likiwa na mpangilio wa ujumbe unaotoweka, maandishi hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na hutayaona tena.

Katika kuandika, mpe kila mtu maneno 60 hadi 80, awe nani. Panga kwa alfabeti. Cheo kikae ndani ya habari, kisitangulie jina. Kazi mpya iandikwe mtu akishaianza, ndoa ikishafungwa, mtoto akishazaliwa. Ujauzito usiandikwe kabisa. Talaka, ugonjwa na kesi, hata kama kila mtu anajua, haviingii bila idhini ya mwenyewe. Kisha mrudishie kila mmoja aya yake aisome kabla haijatoka.

Msiba unataka uangalifu wa peke yake. Makosa mengi hutokana na majina yanayofanana: wawili wenye jina moja, kozi mbili tofauti. Thibitisha kwa mtu wa familia na kwa mwenzenu mmoja aliyekuwa karibu na marehemu, ukitaja majina yote matatu pamoja na kozi. Chanzo cha kifo kiachwe mpaka familia yenyewe itake kitajwe. Ukimtangaza aliye hai kuwa marehemu, samahani ya mstari mmoja haitamfikia kila aliyelia.

Usikusanye mara kwa mara mno. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, hutoa kitabu cha habari za kila kundi la waliohitimu mwaka mmoja, kila baada ya miaka mitano, na wahitimu hujiandikia wenyewe. Kwa kundi dogo mara moja kwa mwaka inatosha.

Wapo watakaokujibu, "Mimi sina la kuandika." Usiwaache hapo. Anayemuuguza mzazi ana habari. Anayetafuta kazi ana habari, na huenda msomaji mmoja akamjua mwajiri. Akikataa bado, mwombe idhini ya kuandika jina, kozi na neno "anawasalimu". Salamu hiyo ichapwe kwa herufi zilezile walizochapiwa wakurugenzi.