Wati Tatu Kando ya Kafubu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia akiuliza anunue redio gani ya bei kubwa ya kuwasiliana kwa mawimbi na wapenzi wenzake wa redio, kabla ya kwenda nayo kambini. Swali lake liligusa pale ambapo bado pananiuma. Nilipoanza, fundi mmoja mzee hapa Lubumbashi aliniambia mbele ya watu kwamba kile kirusha mawimbi cha wati 3, nilichokilehemu kwa mikono yangu mwenyewe, hakitasikika hata ng'ambo ya mto.

Mwezi wa saba nilikipeleka kando ya Kafubu, pamoja na betri ya pikipiki ya volti 12 na waya wa mita 20 niliougawa katikati ili uwe antena ya nusu wimbi, yaani yenye urefu wa nusu ya wimbi lenyewe, kwenye megahezi 7.030. Usiku wa kwanza baridi ilikuwa kali, nami nilikuwa nimechoka, kwa hiyo niliutandaza juu ya vichaka, usawa wa kifua. Nilisikia vituo vingi, lakini hakuna hata kimoja kilichonijibu. Nilipiga kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, alama yangu ya kujitambulisha inayoanza na 9Q, yaani Kongo, mpaka kidole kikafa ganzi, na nakiri kwamba maneno ya yule mzee yalinirudia yote.

Asubuhi nilipanda kichuguu kikubwa chenye mti juu yake, nikafunga jiwe kwenye kamba, nikalirusha juu ya tawi, na baada ya kukosa mara nyingi nikafaulu kuvuta kitovu cha antena hadi mita 8 hivi. Jua lilipozama nilianza tena kuita. Mara ya tatu ilinijia sauti nyembamba kama ya nyenje: herufi ZS, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 1,600, kisha tarakimu 339, maana yake ishara yangu ni dhaifu na inasomeka kwa taabu. Ilisomeka! Karatasi niliyoziandika tarakimu hizo ninayo hadi leo.

Basi, ndugu yangu, fedha yako iweke kwenye waya na kamba kabla ya kuiweka kwenye nguvu. Kutoka wati 5 hadi wati 100 ni desibeli 13 tu (desibeli ni kipimo cha ongezeko au upungufu wa ishara), na waya uliolala vichakani hupoteza nyingi bure. Tafuta kibali kwanza. Jaribu kila kitu nyumbani, ukague viungo ulivyovilehemu kimoja kimoja, kwa maana barabara ya vumbi huvitikisa. Usirushe mawimbi kamwe bila antena, kwani transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, huungua. Mimi nimeunguza mbili. Kama una paneli ya sola, ichomoe unaposikiliza, maana kidhibiti chake huweza kuvuma na kufunika ishara ndogo. Vijana wetu tumezoea kuamini kwamba kilichonunuliwa ndicho kizima na kilichotengenezwa nyumbani ni mchezo wa watoto, na imani hiyo inatunyima ufundi. Inua waya wako, uinue tena. Kamba iwe ya mita 30, na jiwe uchague lenye kiuno, ili fundo lisiteleze.