Regulata ya mafuta kwenye Crown ya supachaja: anza na mpira mwembamba

Mkuu, umeuliza mambo mawili: regulata ya mafuta ya kurekebishwa uifunge wapi kwenye Toyota Crown yako yenye injini ya 1G-GZE, na mpira wake wa upepo uchukue wapi, kwa kuwa gari ikifika katikati ya Kitonga inaishiwa nguvu na injini kuanza kugonga (mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda). Niko Mbeya, na injini za supachaja nimezishika kiasi. Nianze na la pili, maana hilo ndilo linalotoboa pistoni.

Regulata inalinda tofauti moja tu, kati ya presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa noseli) na presha ya hewa ndani ya manifodi (njia ya hewa kuingia silinda). Supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini, ikisukuma psi 7 (kipimo cha presha), hewa hiyo inasimama mdomoni mwa noseli na kuyabana mafuta yasitoke. Kwa hiyo reli nayo lazima ipande psi 7, ndipo noseli itoe kiasi kilekile. Regulata inaijua habari hiyo kwa kupitia mpira mmoja mwembamba. Ukichomoka, reli inabaki na presha yake ya mwanzo wakati silinda zimeshiba hewa, na mlio unaousikia Kitonga ndio huo.

Mtego wa 1G-GZE, na wa 4A-GZE (injini nyingine ya Toyota ya supachaja) pia, ni kwamba throtli, kilango cha hewa unachofungua kwa pedali, iko kabla ya supachaja. Pale katikati yao kuna vijitundu vya mipira vinavyofikika kirahisi, na gari ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa) vinavuta vizuri, fundi anaridhika na kufunga boneti. Lakini supachaja inafyonza kutoka hapo hapo, kwa hiyo msukumo hautafika hata ukanyage mpaka chini. Chukua kwenye manifodi yenyewe, baada ya supachaja na intakula (kipoza hewa). Usichangie mpira huo na buster ya breki wala kitu kingine chochote; upe tundu lake peke yake. Baadhi ya Toyota za zama hizo zina vali ndogo ya umeme katikati ya mpira huu, kwa ajili ya kuwasha injini ikiwa ya moto. Ikiganda vibaya, regulata haipati kitu.

Kuna gari moja ililetwa kwetu ikitokea Makambako, ina regulata mpya inayong'aa na geji yake juu. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha plagi, pampu na noseli. Mpira wa upepo ulikuwa ule laini wa maji ya waipa, umechomekwa bila klipu. Niliuvuta kwa vidole viwili ukatoka. Ncha ilikuwa imepanuka, na ndani ulikuwa mkavu, hauna harufu ya petroli, kwa hiyo dayaframu (ngozi ya ndani ya regulata) ilikuwa nzima. (Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, usipime kingine, badilisha regulata.) Tuliweka mpira mgumu wa vakyumu, mfupi, tukaubana ncha zote mbili. Kugonga kukaisha, na noseli zake za zamani angeweza kuziacha.

Kabla hujanunua chochote, ipime uliyonayo. Funga geji kwenye njia ya mafuta, uzime injini, uwashe swichi, kisha kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha matundu ya FP na +B ili pampu izunguke yenyewe. Chomoa mpira wa upepo: Toyota nyingi za wakati huo zinasoma kati ya psi 38 na 44. Sasa chukua pampu ya baiskeli yenye geji, uipe regulata psi 5 taratibu. Mafuta yakipanda 5, regulata ni nzima na pesa yako ibaki mfukoni. Yakipanda 2, hapo ina tatizo.

Ukiamua kuweka ya kurekebishwa, mpangilio ni tenki, pampu, filta, reli, halafu regulata, halafu njia ya kurudi tenki. Ifunge kwenye bodi, ukuta wa nyuma ya injini, mbali na egzosi, na mipira iwe na ulegevu kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi. Ukilegeza skrubu mpaka mwisho na presha haishuki, njia ya kurudi ni nyembamba au imebanwa. Mpira wa mafuta uwe umeandikwa 30R9, daraja la injekshini. Ule wa 30R7 ni wa kabureta, na dukani wanakupa huo huo wakisema ni mamoja. Si mamoja. Klipu ziwe za fueli injekshini, zisizo na matundu, kwani zile za kawaida zinakula mpira. Tepu nyeupe ya mabomba isiguse kazi hii, vipande vyake vinaishia kwenye noseli. Toa presha kabla ya kufungua chochote, na kizima moto kiwe mkononi, si kwenye buti.

Halafu kuna suala la mwinuko. Mbeya tuko kama mita 1,700, presha ya hewa yetu ni kama kPa 83 (kipimo kingine cha presha) dhidi ya 101 za pwani. Supachaja inayosukuma psi 7 Dar, hapa inatoa kama 5 na nusu, maana inazidisha hewa iliyopo. Sailensa nayo inavuta kidogo kuliko pwani, kwa hiyo mafuta yakisoma 36 hivi mpira ukiwa umechomekwa, usihangaike na skrubu. Ila ukiweka sawa huku juu kwa kubanabana, ukishuka Morogoro hewa inaongezeka na mafuta hayatoshi. Acha akiba.

Usiingize geji yenye petroli ndani ya gari. Mimi naipitisha nje, naibana chini ya waipa upande wa abiria, mwenzangu anasoma tukipanda Mlima Nyoka. Ikishuka wakati msukumo unapanda, na mpira uko sawa, pima umeme kwenye plagi ya pampu yenyewe, siyo kwenye betri. Waya za miaka ile zimechoka.

Tuletee hapa namba tatu: presha mpira ukiwa umechomolewa, ukiwa umechomekwa sailensa, na umeme wa pampu ukiwa mlimani. Picha ya mpira unapoanzia pia.