Shavu la mguu wangu halijai: je, mguu kifundo umerudi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni msichana wa miaka 15. Nilizaliwa na mguu kifundo upande wa kushoto, na naambiwa kwamba nikiwa mchanga nilifungwa plasta ngumu, nikakatwa mshipa nyuma ya kisigino, kisha nikavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma hadi nilipofika miaka 4. Sichechemei, lakini shavu la mguu huo ni jembamba na kiatu chake hunipwaya. Kwa miezi 4 nimekuwa nikisimama kwa ncha za vidole kila usiku ili shavu lijae, wala sioni tofauti. Tangu nirefuke ghafla mwaka jana, mguu unauma nikitembea mwendo mrefu. Huvaa soksi ndefu siku zote ili wenzangu wasione. Mama akiniona nimeushika mguu hunyamaza na kutoka chumbani, kwa hiyo sijamwambia. Je, ugonjwa umerudi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mawili uliyoyafunga fundo moja, nami nitaanza kwa kulifungua, kwa sababu wembamba wa shavu ni jambo moja na maumivu ni jambo jingine kabisa. La kwanza halihitaji tiba, la pili halifai kungojewa.

Mguu kifundo si kasoro ya wayo peke yake. Tangu tumboni, misuli ya shavu huwa midogo na mifupi na kano ya kisigino (utepe mgumu unaounganisha misuli hiyo na mfupa wa kisigino) huwa imekaza, ndiyo maana wayo huelekea chini na kugeukia ndani. Tiba unayoieleza inafanana na ile iliyoasisiwa na Dkt. Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: wayo hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa ili iote upya ikiwa ndefu zaidi. (Kilichokatwa, basi, ni kano, wala si mshipa wa damu.) Tiba hiyo hunyoosha wayo, lakini haijazi shavu. Hata mguu uliotibiwa vizuri kabisa hubaki na shavu jembamba na wayo mfupi kidogo kuliko mwenzake, na tofauti hiyo huonekana zaidi wakati wa kubalehe kwa kuwa mguu wa pili unazidi kujaa. Mazoezi yako yanaupa mguu nguvu, jambo lenye faida kubwa, ila hayatayafanya mashavu mawili yalingane, na naona ni heri ulijue hilo leo kuliko kuhesabu miezi mingine ukidhani una uzembe. Kwa sasa yapumzishe hadi maumivu yachunguzwe. Kuhusu viatu, nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa, kisha weka soli ya ndani katika kile kinachopwaya.

Sasa maumivu. Kijana anaporefuka haraka, mifupa hutangulia na misuli na kano huchelewa kuifuata, na kano iliyokuwa fupi tangu mwanzo ndiyo huhisi mvuto huo kwanza. Simama ukiutazama ukuta, mguu mmoja mbele, kisha kunja goti ulipeleke ukutani bila kuinua kisigino. Linganisha miguu yako miwili: goti la kushoto lisipofika mbali kama la kulia, huenda kano hiyo imekaza. Tazama pia soli za viatu vyako vya zamani: iwapo cha kushoto kimelika zaidi ukingo wa nje, au una sugu upande huo wa wayo, huenda wayo umeanza kugeuka tena. Kurudi kwa mguu kifundo hutokea zaidi katika miaka ya mwanzo ya utoto na si kawaida katika umri wako, lakini hutokea, na hilo haliwezi kuamuliwa kwa barua.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wa mifupa, umchukulie viatu hivyo vilivyochakaa, na akuone ukitembea peku, miguu yote miwili ikiwa wazi hadi magotini. Usidhani kwamba utapelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Mara nyingi huanzwa na mazoezi ya kunyoosha chini ya mtaalamu wa fiziotherapia na soli maalumu, na upasuaji wa kurefusha au kuhamisha kano hufikiriwa pale inapobidi. Lakini ukihisi ganzi, vidole vikilegea, au ukianza kushindwa kuzuia mkojo, usisubiri hata siku moja, kwa kuwa wayo uliotulia kwa miaka mingi kisha ukabadilika unaweza kuwa unaonyesha tatizo la neva kwenye uti wa mgongo.

Soksi ni zako, na sitakuamuru uzivue mbele ya wenzako. Ninachotaka ujue ni kwamba Mmarekani Kristi Yamaguchi alizaliwa na hali hii, akaja kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ambao watazamaji hawaondoi macho miguuni.

Ukimya wa mama yako umenigusa kuliko yote uliyoandika. Wazazi wengi hubeba kimyakimya wazo kwamba walikosea jambo wakati wa ujauzito. Mguu kifundo humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana mara mbili ya wasichana. Urithi unachangia, na kwa walio wengi hakuna chanzo kimoja kinachojulikana, wala si adhabu ya kosa la mtu. Mama huyo ndiye aliyekuvalisha viatu vile vya chuma usiku baada ya usiku, nawe ukilia, na kutembea kwako bila kuchechemea kumetokana na uvumilivu wake. Mpe barua hii aisome, kisha mwambie kwamba mguu unauma na kwamba ungependa aende nawe hospitali.