Seti adimu za kubadilisha roboti: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yanahusu seti za nyongeza: vichwa, viganja, nyayo, silaha na matrela ambayo watengenezaji wadogo huyatoa kwa idadi ndogo ili kubadilisha Transformers, vinyago vya roboti zinazogeuka magari na vitu vingine, vya kampuni za Hasbro na Takara Tomy. Nyingi hutoka mara moja tu.

Nimekuta seti ya City Commander ya kampuni ya FansProject inauzwa bila roboti. Roboti aitwaye Ultra Magnus ninaye tayari. Itamkaa?

Inategemea ni Ultra Magnus yupi. Seti hiyo ni mavazi ya kivita yanayogeuka trela, na ilikatwa kwa kipimo cha mwili mmoja: Ultra Magnus mweupe wa mfululizo wa Classics, aliyetoka 2007 ndani ya boksi moja na roboti mwingine, Skywarp. Mwili wake ni ule ule wa Optimus Prime wa Classics wa 2006, umebadilishwa rangi tu. Kwa hiyo Optimus mwekundu wa kalibu hiyo (umbo la kutengenezea plastiki) naye ataingia ndani ya mavazi, ila wekundu utachungulia kila penye mwanya. Ultra Magnus wa mfululizo wa Combiner Wars wa 2015 ni mkubwa zaidi na mavazi yake yamejengwa mwilini. Huyo seti haimhusu kabisa.

Jina la mhusika halitoshi, wala ukubwa wa boksi. Kabla hujalipa, andika mambo manne: mfululizo, mwaka, ukubwa, na kama ni toleo la Hasbro au la Takara Tomy. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza wengi. Chukua Devastator wa 2015, roboti mkubwa anayeundwa na roboti kadhaa: toleo la Hasbro lilipunguza viungo vya mikono ya roboti zinazounda mwili wake, na toleo la Takara Tomy likavirudisha. Seti iliyobuniwa kuziba upungufu wa toleo la kwanza huwa haina kazi kwenye la pili, na mara nyingine haiingii, kwa kuwa plastiki ya eneo lile imechongwa vingine. Ushauri wetu: kama huna roboti yenyewe, itafute kwanza. Seti bila mwili wake ni mfuko wa vipande vya plastiki.

Muuzaji anasema seti "imekamilika". Nitajuaje bila kuishika?

Usimuulize kama imekamilika, maana atasema ndiyo na huenda anaamini hivyo. Mwombe picha moja ambamo karatasi ya maelekezo imekunjuliwa na vipande vyote vimepangwa kando yake, na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo. Halafu hesabu mwenyewe.

Vinavyopotea havibadiliki: uso wa pili wa kubadilishia, vishikizo vya kuunganisha silaha mbili, kiganja kimoja, kifuniko cha betri, na skrubu za akiba. Angalia kulia na kushoto. Ni kawaida kukuta viganja viwili vyote vya kushoto, hasa muuzaji akiwa ameunganisha seti mbili pungufu kuwa moja. Kipande kikubwa kikikosekana utakiona mara moja, lakini kishikizo cha milimita 8 ndicho kinachozuia trela lisifunge.

Omba pia picha za karibu za sehemu tatu. Ya kwanza ni shina la kila pini, yaani kijiti kinachoingia tunduni: weupe pale ni dalili kwamba plastiki imeshakunjwa na inaelekea kukatika. Ya pili ni nguzo zinazopokea skrubu. Ufa mwembamba hapo hutokana na skrubu kukazwa kupita kiasi, na hauponi. Ya tatu ni ndani ya kisanduku cha betri kama kichwa kina taa. Unga wa kijani au mweupe maana yake betri imevuja.

Kipande kimoja kikikosa, usijidanganye kwamba utakipata baadaye. Anayekiuza peke yake ni mtu aliyevunja seti nyingine, naye anajua thamani yake.

Nitofautishe vipi seti ya asili na nakala iliyomiminwa upya?

Anza kwa kujua seti ilitengenezwa kwa njia gani, kwa sababu kila njia ina alama zake.

Seti za viwandani, kama za FansProject, Perfect Effect au DNA Design, hutengenezwa kwa kusukuma ABS, plastiki ngumu ya vinyago, ikiwa imeyeyushwa ndani ya kalibu za chuma. Tafuta viduara vidogo bapa upande wa ndani, pale kalibu iliposukuma kipande kitoke. Kingo ni kali na skrubu zinafanana zote. Nakala za hizi mara nyingi hujulikana kwa plastiki nyepesi zaidi, rangi iliyokosea kidogo, na maelekezo yaliyochapwa kwa ukungu.

Seti za resini, kimiminika kinachoganda kuwa plastiki, humiminwa kwa mkono ndani ya kalibu ya silikoni. Kalibu hiyo huchoka baada ya kumiminwa mara 20 hadi 50 hivi, na ndiyo sababu mafundi wengi hutoa idadi ndogo hivyo. Mwigaji hununua seti moja, anaitumia kutengenezea kalibu yake, anamimina. Resini hunywea kidogo inapokauka, basi nakala hutoka ndogo kuliko mama yake. Kwenye kichwa jicho halitaona tofauti, lakini kwenye pini kalipa, kifaa cha kupimia unene, itaona: palipotakiwa milimita 5 unapata 4.9 au pungufu, na roboti inaangusha silaha. Ongeza mistari iliyofifia, na viputo vya hewa kwenye ncha za vidole na pembe za kofia. Dalili moja peke yake haitoshi kumshtaki mtu. Zikikutana tatu, achana nayo.

Halafu kuna zilizochapwa kwa printa ya 3D. Nailoni ina uso wa chengachenga kama sukari na hunywa rangi. Ile ya akriliki inayong'aa kwa ukungu ina maumbo makali ila huvunjika ovyo, na hutoka na mabaki ya nta yanayokataa rangi. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu na mswaki laini kabla ya chochote. Shapeways, palipouzwa vipande vingi vya aina hii, ilifilisika Julai 2024, na ingawa jina hilo lilirudi baadaye, wapo wanaouza vipande vya enzi ile kama hazina. Sisi hatuoni hivyo. Kipande ambacho mwenye faili anaweza kukichapa tena kesho si adimu, hata kama leo hakipatikani.

Pini ya bunduki haiingii kwenye kiganja. Nisukume?

Hapana. Matundu ya roboti hizi kwa kawaida ni ya milimita 5, na tabaka la rangi pande zote mbili linatosha kuligeuza tundu kuwa mtego. Pima kwanza. Kama pini ndiyo nene, izungushe ndani ya msasa namba 600 mara tatu nne, jaribu, rudia. Kama rangi imejaa ndani ya tundu, ikwangue kwa ncha ya kisu kikali bila kugusa plastiki. Roboti ikiwa ni ya zamani na seti ni mpya, saga seti, usisage roboti.

Ikilegea, paka shina la pini rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, na uache siku nzima kabla ya kuichomeka. Gundi ya papo hapo hufanya kazi hiyo hiyo, lakini ikiingia kabla haijakauka umegandisha kiungo milele, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu.

Kama imeshakatikia ndani: toboa katikati ya kisiki kwa keekee ya mkono ya milimita 1, ingiza skrubu ndogo mizunguko miwili tu, kisha vuta skrubu kwa koleo. Ukiizungusha zaidi, kisiki kinapanuka na kupasua kiganja.

Kichwa kipya kinahitaji kutoa pini ya chuma. Upande upi?

Chunguza ncha zote mbili. Moja ina michirizi midogo, nyingine ni laini. Gonga kutoka upande laini ili yenye michirizi itangulie kutoka, ukitumia msumari butu mwembamba kuliko pini, na kipande kikiwa kimelala juu ya mbao yenye tundu. Ukirudisha, ncha laini iingie kwanza. Roboti za mwishoni mwa miaka ya 1980 zenye plastiki ya dhahabu yenye vimetameta usizigonge hata kidogo. Plastiki ile huoza yenyewe na hubomoka kama biskuti.

Nihifadhi vipi seti ambayo bado haijafunguliwa?

Mbali na jua na mbali na joto. Sponji ya ndani ya boksi ndiyo adui asiyeshukiwa: ikizeeka hunata na kuacha vumbi la njano kwenye rangi. Vinyl laini, kama ya mifuko fulani angavu, hutoa mafuta yanayolainisha ABS ikigusana nayo kwa muda mrefu. Tumia mifuko ya polithini. Kama seti ina taa, tunasema ifungue. Betri za kitufe hazisubiri mtu, na boksi lisilofunguliwa lenye kichwa kilicholiwa na chumvi ya betri halina faida kwa yeyote.

Weupe wa seti haulingani na weupe wa roboti. Nipake rangi?

Paka seti, roboti iache. Osha, kwaruza kwa msasa namba 800, weka rangi ya msingi, kisha akriliki kwa matabaka membamba. Usitumie kiyeyushi cha rangi za enameli kwenye ABS iliyokazwa na skrubu; huingia kwenye nyufa zisizoonekana na kipande hupasuka saa chache baadaye. Legeza skrubu zote kwanza. Na kama kipande kina utelezi wa nta hata baada ya kuoshwa, hasa kwenye viungo, huenda ni plastiki ya POM, ambayo rangi huvuliwa kwa ukucha. Hapo stika ya vinyl nyeupe iliyokatwa kwa kipimo ndiyo itakayodumu.