Lekchara mpya wa ugani, anza faili lako kabla hujapanda feri

Wadogo zangu mlioripoti kazini muhula huu, hasa nyinyi mliochukuliwa upande wa kilimo na uvuvi mkaambiwa nusu ya kazi ni darasani na nusu ni ugani, yaani kuwafundisha wakulima na wavuvi kulekule waliko, hebu tukae kidogo niwaambie kabla joto la Mombasa halijawamaliza. Mimi nimo humu mwaka wa kumi na tatu sasa. Niliomba usinia lekchara nikanyimwa, nikaomba tena nikapewa, na kati ya ile mara ya kwanza na ya pili kazi yangu kule baharini ilikuwa ni ileile, wakulima walewale wa mwani, yale majani ya baharini, kamba zilezile wanazofungia mbegu. Kilichobadilika ni faili, lile la kuombea cheo.

Ile mara ya kwanza niliingia kwa kamati ya vyeo na boksi. Boksi kweli, lile la karatasi za fotokopi, limejaa rejista za mahudhurio za miaka mitano, nyingine zina chumvi mpaka ukizishika zinakwaruza kwa sababu watu walikuwa wanasaini palepale ufuoni na mikono ina maji. Nimevaa koti, najiona bingwa. Profesa mmoja mzee, mpole tu wala hakuwa na shida na mimi, akatoa rejista moja akaihesabu kwa kidole akaniuliza, "Mwalimu, hawa watu arubaini na mmoja walikuja. Halafu?" Nikasema tukawafundisha kufunga mbegu ya mwani. "Halafu?" Nikasema walifurahi sana, hata walitupikia. Akacheka, akairudisha kwenye boksi, akafunga na kile kifuniko taratibu. Pale nikajua nshakwenda na maji.

Basi hiyo "halafu" ndiyo mtihani wenyewe na hakuna atakayekuandikia kwenye barua ya kazi. Watu wa ugani tuna ugonjwa wa kuhesabu mikutano. Semina kumi na mbili, siku za wakulima sita, redio mara tatu, sawa, lakini hizo ni hesabu za miguu yako, ni wewe umetembea. Kamati inataka kujua mkulima alifanya nini tofauti baada ya wewe kuondoka, na nani mwingine anayeijua hiyo kazi amekubali kwamba ina maana.

Nilivyofanya mara ya pili ni hivi. Kule Kibuyuni, karibu na Shimoni, kaunti ya Kwale, kina mama wanalima mwani aina mbili, spinosamu na kotonii, kotonii ndiyo yenye bei nzuri lakini ndiyo inayodeka, maji yakipata moto wakati wa kaskazi inashika ugonjwa inakuwa nyeupe kama barafu halafu inakatika inaenda zake. Sasa mimi nilikuwa nakwenda nawaambia hamisheni kamba upande wenye maji mengi kidogo, naondoka. Mara ya pili kabla sijasema kitu nikauliza kwanza, nani amepanda wapi, kamba ngapi, zimekatika ngapi msimu uliopita, nikaandika. Nikafundisha. Nikarudi baada ya miezi sita nikauliza maswali yaleyale kwa watu walewale. Yaani jambo dogo hivo, kutouliza kabla na kutouliza baada, ndilo lilinikosesha cheo kwa miaka.

Na ushahidi mwingi hata si wewe utauandika, wenyewe wanao. Katibu wa kikundi alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, lile la wanafunzi wa praimari, kachora mistari kwa rula, jina, tarehe, kilo za mwani mkavu, pesa, sahihi au kidole gumba. Mwani ukikauka mnunuzi anaupima kwa mizani na yeye anaandika papo hapo, kalamu ya bluu, kila mavuno. Lile daftari lina thamani kuliko boksi langu lote. Nilimwomba ruhusa nikapiga picha kurasa zote kwa simu na nikaomba kikundi kizima wakubali nilitumie, tena niliwasomea nitakachoandika. Miaka yote nilikuwa nakaa nalo mkeka mmoja nakunywa chai, sikuwahi kuliangalia!

Hapo kwenye ruhusa nisimame kidogo maana pamenigharimu. Pepa yangu ya kwanza kuhusu hao wakulima nilikusanya data kwanza, nikaandika, nikapeleka kwa jarida, wakaniuliza namba ya kibali cha maadili, ile ruhusa ya kufanya utafiti unaohusu watu, iko wapi. Sina. Nikakimbia kwa kamati ya maadili nikaambiwa kibali hakirudi nyuma, huwezi kuombea kazi ambayo ishafanyika. Data ya mwaka mzima ikabaki kwenye fleshi mpaka leo. Kwa hiyo we ukiambiwa uende ugani, hata kama unaona ni kufundisha tu, omba kibali cha maadili mapema na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na wajulishe watu wa kaunti pia. Kilimo kimeshuka kwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, maafisa ugani unaowakuta kijijini ni wa kaunti, ukipita juu yao unawavunjia heshima na halafu unashangaa mbona mkutano wako umekosa watu.

Kuna wenzetu Marekani hii kitu ya kuipimia kazi ya ugani cheo wamepigana nayo zamani. Wao walitoa ardhi ya serikali kuanzishia vyuo mwaka 1862, 1887 wakaongeza vituo vya majaribio ya kilimo, 1914 ikaja sheria ya ugani, basi vyuo vyao vingi vina walimu ambao kazi yao hasa ni kwa wakulima. Na wao pia waliteseka, mtu anajulikana wilaya nzima lakini chuoni anaonekana hana utafiti. Kule kawaida unapewa kama miaka sita ya kujaribiwa, mwisho wake wanaamua, upewe kazi ya kudumu au upewe mwaka mmoja wa kufunga virago. Hakuna kuomba nyongeza ukiamka umechelewa. Chuo cha Oregon State mwaka 1995 walibadilisha maana ya usomi kwenye miongozo yao ya vyeo, wakasema muhimu ni kazi ya akili ambayo wenzako wameipima wakaikubali na wewe umeifikisha kwa wengine, njia ikiwa ni pepa au mtaala au mbinu mpya shambani. Mimi ile nimeibandika ukutani ofisini.

Kingine nilichokipenda kwao ni ile barua ya majukumu inayoandika asilimia. Ugani asilimia sitini, utafiti thelathini, kufundisha kumi, mfano. Ukipimwa unapimwa kwa hiyo. Huku kwetu unaambiwa kwa mdomo "wewe ni mtu wa ugani" halafu siku ya kamati unapimwa kama mtu wa maabara. Nenda kwa mkuu wa idara yako wiki hii, kwa adabu, mwambie bosi naomba hii tuiandike. Akikuambia hakuna haja, mwandikie wewe baruapepe, "kama tulivyozungumza jana...", na uihifadhi. Mkuu wa idara aliyekupenda leo baada ya miaka mitatu ameshahamia pengine, na mpya hajui mliahidiana nini.

Upande wa Kenya mjue mambo mawili msiyachanganye. Kuthibitishwa kazini, ile pamanenti na penshoni, ni kitu kimoja, kupandishwa cheo ni kingine. Probesheni ikikaribia kuisha andika barua mwenyewe ya kuomba kuthibitishwa, usingoje ukumbukwe, yangu ilikaa zaidi ya mwaka kwa sababu nilikuwa naona haya kuulizia. Cheo nacho kina vigezo, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo wake 2014 na kila chuo kina fomu zake juu ya hapo. Kaisome fomu ya cheo unachokitaka SASA, hata kama utaiomba baada ya miaka minne. Ukishajua inauliza nini ndio unajua cha kuweka unapoenda Kibuyuni. Na kama hujamaliza PhD, maliza. Ugani ni mtamu, watu wanakuita mwalimu wanakupa madafu, mwaka unapita na tasnifu haijaongezeka hata ukurasa.

Muda sasa. Hili wakubwa wa mjini hawalijui mpaka uwaonyeshe. Mwani unafanywa wakati wa bamvua, maji yakitoka kabisa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku chache tu, na pwani yetu hii maji ya bamvua yanakupwa sana mnamo saa nne asubuhi hivi. Na darasa langu liliwekwa saa ngapi? Jumatano saa nne. Mwaka mzima nikawa nawaudhi wanafunzi au nawaudhi kina mama, napanda feri ya Likoni alfajiri, matatu mpaka Kanana, bodaboda, nafika maji yanaanza kujaa wao wanarudi na makapu kichwani wananiambia pole mwalimu. Siku moja nikachukua jedwali la maji kupwa na kujaa nikalipiga wino mwekundu siku za bamvua za muhula mzima nikampelekea yule anayepanga ratiba. Akashangaa tu, akanihamishia jioni. Dakika tano. Muulizeni mtu wa muhogo au wa mnazi naye ana msimu wake, vuli na masika havingoji muhula.

Kuhusu majarida sitawachosha. Yale yanayokuandikia "mheshimiwa profesa" usiku wa manane na kukubali pepa ndani ya siku tatu bora utume pesa, achana nayo, kamati wanayajua yote kwa majina. Andika chache zilizosimama. Halafu zile pepa zikishatoka geuza moja iwe karatasi mbili za Kiswahili zenye picha, uzirudishe kwa kikundi, na hizo karatasi mbili pia uziweke kwenye faili, ni kazi. Tena mpe mtu wa kituo cha utafiti azisome azikosoe kabla hujachapisha. Mimi nilipeleka kwa mtaalamu mmoja wa bahari hapa mjini akanirudishia imejaa kalamu nyekundu, ile rasimu yenye wekundu nimeiweka kwenye faili vilevile maana inaonyesha kazi ilipimwa na mtu anayejua.

Wale maprofesa wa vyuo vingine watakaokupima kutoka nje, chuo kikishawatumia faili lako, hawajawahi kuiona Shimoni. Bamvua hawaijui, wala kwa nini kamba kukatika ni msiba wa ada ya shule. Andika ukurasa mmoja wa mwanzo unaomweleza mtu kama huyo, shida ilikuwa nini, wewe ulileta fikra gani, nini kilibadilika, na unajuaje. Mimi ukurasa huo niliuandika mara tisa. Mke wangu, ambaye ni nesi na mwani haumhusu kabisa, ndiye nilikuwa nampa asome, akikwama mahali nafuta naanza upya.

Ila jambo la kazi za kikundi muwe wakweli. Kama pepa ina watu sita andika wewe ulifanya lipi, na kama wazo lilitoka kwa yule mama aliyeanza kufunga kamba zake chini kidogo ya wenzake kabla hujafika wewe, sema. Mimi nilisema, na kwenye kamati ndicho kitu walichoniuliza kwa muda mrefu zaidi, walitaka kujua nilimsikiaje, nikawaeleza ile siku nilikaa kimya kwa sababu koo lilikuwa linaniuma ndio nikamsikia akimweleza mwenzake.

Faili likishakamilika nenda kwa wale wa fotokopi Digo Road mapema asubuhi kabla hakujajaa, toa nakala wanazotaka na moja ya juu, na ukipeleka ofisini hakikisha umegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye hiyo ya kwako. Langu la mara ya pili lilipotea wiki tatu, kila meza nikiulizia naambiwa liko meza ya pili, ile nakala yenye muhuri ndiyo niliyoingia nayo.