Kwa mnaoanza utafiti wa mafuta na mimea ya kupunguza unene

Nyumbani wakishasikia kwamba unasomea sayansi ya chakula na mada yako ni unene, shangazi atauliza jambo moja tu: "Sasa hiyo dawa ya kitambi inatoka lini?" Mwambie bado, kisha badilisha mazungumzo. Ukimtajia majani unayoyachemsha maabara, wiki ijayo yatakuwa yanauzwa sokoni kwa jina lako.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia maabara mwaka huu, na nina jambo moja ningependa mlishike mapema. Katika kazi hii matokeo mazuri hupatikana kirahisi mno. Chukua karibu mmea wowote wenye rangi na ukakasi, dondoo lake (yaani kile kinachotolewa kwa kuuloweka au kuuchemsha) litazuia kimeng'enya, litapunguza mafuta ndani ya seli na litawakondesha panya. Kazi ngumu ni kujua kama limefanya hayo kwa sababu unayoidhani wewe.

Tuanze na mafuta. Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyobeba asidi tatu za mafuta, kama uma wenye meno matatu. Kubadilisha muundo wake, ili mafuta yasinenepeshe sana, ni kutoa asidi fulani na kupachika nyingine mahali pake. Mara nyingi kazi hiyo huachiwa lipasi (vimeng'enya vinavyokata mafuta) za kuvu, kwa mfano ile ya Rhizomucor miehei, ambazo hushughulika na meno ya pembeni na kuliacha la katikati. Lipasi ya kongosho letu nayo hukata pembeni. Kwa hiyo asidi iliyokaa katikati hufyonzwa tofauti na iliyokaa pembeni, na hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na muundo badala ya kumimina mafuta mawili kwenye chupa moja na kutikisa.

Lakini huo mchanganyo wa kutikisa msiutupe, maana ndio kipimo chenu. Kama mafuta yako mapya yana asidi ya kaprili na ya oleiki, kundi la kulinganishia lipewe mchanganyo wenye asidi hizohizo kwa kiasi kilekile, ambao haukupita kwenye kimeng'enya. Ukilinganisha na mafuta ya nguruwe peke yake, panya wakipungua hutajua kama ni muundo ulioufanyia kazi miezi yote hiyo au ni asidi zenyewe. Nimesoma makala nyingi ambazo kundi hili halimo, na nikifika kwenye hitimisho lao huwa nafunga.

Usafishaji nao una mambo yake. Mmenyuko ukiisha, chupani kuna asidi huru na digliseridi (gliseroli yenye asidi mbili tu) zisizotakiwa, na ukiziondoa, vitamini E ya asili inayoyalinda mafuta nayo hupungua. Mafuta ya namna hiyo huharibika upesi na kuanza kunuka. Pimeni thamani ya peroksaidi, inayoonyesha mafuta yameanza kuharibika kiasi gani, siku mnayochanganya chakula cha panya, kisha mrudie kupima chakula kikiwa kimekaa. Joto la kusafishia pia huongeza vitu. Wajapani wa kampuni ya Kao waliingiza sokoni mafuta ya digliseridi yaitwayo Econa mwaka 1999, yakasifiwa kwamba hayajengi kitambi, na yakauzwa sana. Mwaka 2009 wakasimamisha mauzo, kwa sababu yalikutwa na esta za glisidili kwa wingi, vitu vinavyozaliwa mafuta yanapopashwa joto kali kiwandani na vinavyoshukiwa kuachia kemikali inayoweza kusababisha saratani. Digliseridi zenyewe hazikuwa na kesi.

Hapa niseme neno kuhusu mafuta ya nazi, maana mtaulizwa. Asidi za urefu wa kati, C8 na C10 (zenye kaboni nane na kumi), hufyonzwa na kwenda moja kwa moja kwenye ini kwa damu, wakati zile ndefu hupitia kwanza mirija ya limfu. Wauzaji wameisikia habari hiyo na kuibandika kwenye chupa za nazi. Nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, C12, na sehemu kubwa ya hiyo hupita njia ya limfu kama mafuta mengine. Wali wa nazi tule kwa utamu wake.

Sasa meza ya mimea, ambako wengi wenu mtakaa. Kipimo cha kwanza karibu kila mahali ni kuzuia lipasi ya kongosho. Unaweka p-nitrofenili palmitati, lipasi ikiikata inatokea rangi ya njano, na spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, inaisoma kwenye nanomita 405. Dondoo la choya au la majani ya mlonge lina rangi yake, nayo husomwa palepale, hivyo uzuiaji huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ukihamia kipimo cha mng'ao, ambacho zao la lipasi hung'aa badala ya kuwa na rangi, mambo hugeuka: rangi ileile humeza mwanga, na uzuiaji huonekana mkubwa. Kwa hiyo kila kiwango cha dondoo kiwe na kisima chake (kishimo kwenye sahani ya maabara) kisicho na kimeng'enya. Kwa kipimo cha mng'ao ongeza kisima chenye zao la mwisho pamoja na dondoo, uone kama mwanga unamezwa. Ni visima vingi, na sahani ya visima 96 itajaa upesi. Ijae tu.

Halafu kuna tanini, kemikali za mimea zinazoleta ukakasi. Hizi hushikamana na protini yoyote, si lipasi pekee, ndiyo maana ulimi hukauka ukitafuna bibo au ndizi mbichi. Kabla ya kuandika kwamba mmea wako "unazuia lipasi", ujaribu na kimeng'enya kingine kisichohusika kabisa. Mmea ukikizuia nacho, huenda ulichopata ni tanini tu.

Kwenye seli za 3T3-L1, seli za panya zinazokuzwa maabara hadi ziwe seli za mafuta, mtego ni mwingine. Seli inayokufa haiweki mafuta, na rangi ya Oil Red O, inayopaka mafuta, itakuonyesha upungufu mzuri sana. Wengi hukimbilia kipimo cha MTT kuthibitisha kwamba seli ni hai, kwa kuwa seli hai huibadilisha MTT iwe na rangi ya zambarau, lakini polifenoli (kemikali za mimea, tanini zikiwemo) zinaweza kuibadilisha MTT zenyewe, bila seli yoyote. Osha seli vizuri, weka kisima chenye dondoo bila seli, na uziangalie kwa darubini kwa macho yako.

Panya wa C57BL/6J, aina ya panya wa maabara, hupewa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, nao hunenepa kweli. Dondoo chungu likichanganywa humo, wanakula kidogo. Pima chakula kilichobaki na kilichomwagika chini ya kizimba, au uweke kundi linalopewa kiasi kilekile wanachokula wenzao wa dondoo. Kuhusu dozi: miligramu kwa kila kilo ya panya hugawanywa kwa takriban 12.3 kupata za kila kilo ya binadamu. Miligramu 400 kwa kilo ya panya ni kama gramu mbili za dondoo kavu kila siku kwa mtu wa kilo 60. Fanya hesabu hiyo kabla hujaanza, uone kama kuna mtu atakayezimeza.

Na hata panya wakikubali, binadamu ni habari nyingine. Garcinia cambogia, mmea unaouzwa kwa madai ya kupunguza uzito, ilijaribiwa Marekani kwa watu 135 kwa wiki 12, matokeo yakachapishwa mwaka 1998: waliopewa mmea walipungua kilo 3.2, waliopewa vidonge vitupu kilo 4.1. Bado inauzwa.

Mkikusanya mmea porini, pelekeni kielelezo kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) na mpate namba yake, na vibali viwe tayari kabla hamjang'oa jani. Hoodia, mmea ambao Wasani wa kusini mwa Afrika huutumia kukata njaa, ilisajiliwa hataza na taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini bila wao kushirikishwa, na makubaliano ya kugawana faida yakaja mwaka 2003 baada ya kelele. Kampuni kubwa zikajitoa moja baada ya nyingine, Unilever ikiwa mwaka 2008.

Jambo la mwisho ni la stoo. Kaushieni majani mengi kwa mkupuo mmoja, na unga wa mkupuo huo mhifadhi gizani, kwenye baridi, ukiwa na tarehe na mahali ulipotoka. Mhakiki wa jarida ataomba jaribio lirudiwe mwaka unaofuata, na majani ya masika hayatoi namba za majani ya kiangazi.